Nguzo ya Chelagat

Baba yangu aliniozesha siku nne baada ya kuzikwa. Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka siku ile, kicheko kifupi kilichonitoka kabla sijakizuia, na wazee wote wakanigeukia. Bwana harusi peke yake ndiye hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mahali pale pale aliposimama mwezi mzima, akiwa ameshika paa.

Ngoja nieleze vizuri. Baba yangu, Micah arap Mosonik, alikuwa na shamba kule juu ya Londiani, na alilipata kwa jasho. Miaka kumi na minane alichunga ng'ombe wa mzungu mmoja huko Molo. Kisha akarudi nyumbani, akaizungushia seng'enge ardhi ya baba yake ambayo wengine walikuwa bado wakilishia ovyo, akapanda mahindi, akaleta ng'ombe watatu wa kizungu. Watu walipanda kilima kuja kuwatazama wakikamuliwa. Kitu kimoja tu baba hakukipata. Mama alimzalia mabinti watano, akaishia hapo. Wanne waliolewa, nikabaki mimi wa mwisho, Chelagat, jina la msichana aliyezaliwa jioni.

Basi siku hiyo ya nne, tukiwa tumenyolewa vichwa na macho yetu yamevimba, wazee watano waliketi nyumbani kwa mama wasikilize wosia. Baba hakuandika. Alimwambia mwenzake wa rika, Mzee arap Chumo, kwa mdomo, na kwetu neno la mtu anayekufa halichezewi. Arap Chumo ni mtu wa ajabu kidogo. Jumapili anazungusha kikapu cha sadaka kanisani, na siku sita zilizobaki anakumbuka mila zote za babu zetu bila kusahau hata moja. Alikohoa, akapangusa midomo, akasema.

"Marehemu alisema hivi. Nyumba hii isifungwe. Chelagat asiolewe nje. Aolewe na nguzo."

Hapo ndipo nilipocheka.

Mila hiyo nilikuwa nimeisikia kwa bibi nikiwa mdogo. Nyumba isipopata mtoto wa kiume, binti wa mwisho anaweza kuozwa kwa toloch, ile nguzo inayoshika paa. Haendi kwa watu. Anabaki kwao, anazaa kwao, na watoto wake wanakuwa wa baba yake, wanarithi zizi na shamba kama vile ni wana wa kiume waliochelewa kuzaliwa. Bibi alikuwa akisimulia jambo hilo huku akipura wimbi, na mimi nilikuwa nikisikiliza kama hadithi nyingine tu.

Baba mdogo Jonah, ndugu wa pekee wa baba, alisimama. Sitamsema vibaya. Alilia kaburini kuliko sisi wote, na ana wana saba kwenye kipande cha ardhi ambacho ukikohoa huku jirani anakuitikia kule. Aliuliza kwa heshima: na kama msichana hataki? Arap Chumo akamjibu kwamba ikiwa hataki, neno la marehemu limeanguka, shamba litakwenda kwa Jonah na wanawe, na mama atahamia kwa Jonah akae nyuma ya jiko la mke wake. Nilimwona mama akiinamisha kichwa.

Nikajikaza, nikamuuliza Mzee kwa nini mama mwenyewe asioe mke wa kuizalia nyumba wana, kama walivyofanya wajane wengine wasio na wana. Akanitazama kwa huruma.

"Nilimuuliza baba yako neno hilo hilo, mwanangu. Ng'ombe wa mahari waliisha kwa ugonjwa wa ndigana mwaka juzi, waliobaki ni wa maziwa yenu. Na mke mgeni, akasema, atasumbuliwa hapa mpaka akimbie. Lakini binti wa damu yake, nani atamfukuza?"

Nikapewa hadi Jumapili. Kabla ng'ombe hawajatolewa zizini nifunge nyasi za segutiet kwenye nguzo, nyasi zile zile ambazo bwana na bibi harusi hufungana mikononi, na hapo nyumba itakuwa imesimama. Jumapili alfajiri, akaongeza, ili wazee wawahi kanisani.

Sasa niwaambie nguzo hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka kwa Kipkoech. Alikuwa fundi katika kiwanda cha mbao huko Elburgon, kijana mrefu mwenye vumbi la msumeno kwenye nyusi, na aliletwa kwetu na vigingi vya seng'enge ambavyo baba aliviagiza. Alivishusha vigingi, akaomba maji, akanywa polepole kuliko mtu mwenye kiu. Jina lake maana yake ni mtu wa alfajiri, na langu la jioni, kwa hiyo dada zangu walipata la kusema. Huyu wa alfajiri na huyu wa jioni, walituuliza, mtakutana saa ngapi? Tulikutana kila Jumamosi aliyopata nafasi. Akifika langoni aliniita wewe wa jioni, nami nilimwita wewe wa alfajiri, na salamu yetu ilikuwa ni hiyo tu.

Mwezi wa saba alikuja kwa baba na kofia mkononi, akaeleza haja yake. Baba alikuwa ameanza kukohoa kile kikohozi kilichomwondoa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwambia, "Nyumba yangu imeinama. Niletee nguzo ya katikati. Mtarakwa, usiwe na fundo hata moja. Ni ya Chelagat."

Kwetu mzee akikupa kazi ndani ya nyumba yake, umekubaliwa nusu. Kipkoech alikulia Njoro kwenye shamba la ngano la mzungu, baba yake akiwa kibarua, na mambo ya toloch hakuna aliyemfundisha. Alisikia alichotaka kusikia. Nami nilizaliwa ndani ya mila hizo, na nilisikia vile vile.

Alitumia wiki tatu kuuchagua mti. Aliuleta kwa treni hadi Londiani na kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi kwetu, akauchonga hapa uani mpaka ukang'aa, akausimamisha, akaushindilia udongo kwa visigino vyake mwenyewe. Baba alikuwa kwenye kigoda, blanketi mabegani, akitazama. Aliuliza itakaa muda gani. Kipkoech akamwambia miaka sitini, mtarakwa hauliwi na mchwa. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue, na mimi moyo ukanijaa, nikasema anamfurahia mkwe wake. Kumbe mkwe aliyekuwa akimtazama si yule mwenye miguu.

Hadi leo sijui kama baba yangu alikuwa mkatili, au alikuwa amechoka tu na hakuona njia nyingine. Nilimpenda sana. Na wiki ile nilimchukia, nikiwa bado na udongo wa kaburi lake kwenye kucha.

Ijumaa nilitoka mtoni nikamkuta mama amesimama juu ya kigoda, anashusha vibuyu vyake vya maziwa ya mursik ukutani kimoja kimoja na kuvipanga juu ya blanketi. Nilimuuliza anafanya nini.

"Napunguza kazi ya Jumapili," akasema. "Jiko la mke wa Jonah ni dogo. Nitachukua vitano tu, vingine utapeleka kwako."

"Mama, sijasema ninaondoka."

"Hujasema. Lakini nilikuwa msichana, Chelagat. Nenda na kijana wako. Mimi nitazoea."

Akakikung'uta kibuyu kimoja, akakinusa, akakiweka chini. Angenigombeza ningeweza kugombana naye. Angelia ningelia naye, kisha nikafunga mzigo wangu. Lakini alichagua vibuyu vitano kati ya kumi na viwili, akakirudisha kimoja, akachukua kingine, akishindwa kuamua, na hapo nikajua nitafanya nini. Nikatoka nje ili asinione.

Kipkoech alifika Jumamosi alasiri. Habari za kifo alikuwa amezipata, lakini kiwandani hawakumpa ruhusa mpaka siku hiyo. Alisimama langoni, akakitazama kichwa changu kilichonyolewa.

"Pole, Chelagat. Pole sana."

"Nywele zitaota," nikamwambia.

"Hata zisipoota."

Tuliketi chini kando ya seng'enge, karibu na vigingi vilivyotukutanisha. Akaniambia kwamba wiki iliyopita alishuka Nakuru kwa kazi ya kiwanda, akapita duka la Mhindi mmoja. Akatoa kiberiti mfukoni. Ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na pete.

"Najua huu si wakati wake," akasema. "Nilifikiri tu, ukiiona, utapata kitu cha kushika."

Mwezi wa sita alikuwa amenipima kidole kwa unyasi, akidai ananionyesha namna ya kufunga fundo. Unyasi ule aliuhifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa mpaka siku ya kununua. Aliponieleza hayo nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote kwa mfululizo, arap Chumo, Jonah, nyuma ya jiko, Jumapili alfajiri. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

"Nguzo gani?" akauliza.

"Tunayo moja tu, Kipkoech."

"Ile yangu?"

"Ile yako."

"Aliniambia ni ya Chelagat."

"Ndiyo. Hakukudanganya."

Akavua kofia yake, akaiweka magotini, akaikodolea macho. Aliposema tena sauti ilikuwa imepungua.

"Niliacha miti kumi na mitatu msituni. Mmoja ulikuwa na fundo dogo, hata hulioni mpaka uupapase. Mwingine umepinda kidogo tu. Nikasema hapana, huu haufai nyumba ya Chelagat." Akapumua. "Ningejua, ningeleta mti uliooza."

Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kigumu na cha joto kama siku zote, na nilitamani dunia ituache hivyo hivyo. Kisha akaanza kupanga mambo kwa haraka. Treni ya jioni itapita Londiani saa kumi na mbili. Twende leo. Mchungaji atatufungisha ndoa mwezi ukiisha. Mama tutamchukua, akasema, yeye hawezi kumwacha mama yangu ateseke.

"Tumpeleke wapi?" nikauliza.

"Kwangu."

"Chumba kile unacholala na mwenzako Ogola?"

"Nitajenga, Chelagat."

"Kwenye ardhi ya nani?"

Neno hilo lilinitoka tu, na nililiona likimwingia. Baba yake alizikwa kwenye shamba la ngano la mtu mwingine, na mwaka uliofuata trekta lilipita juu. Nilimwomba msamaha. Akasema sina kosa, nimeuliza swali la haki.

Ndipo nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Jumatano na nililiona aibu. Nilimwambia mila inaniruhusu kumchagua mwanamume ninayemtaka wa kuzaa naye. Ningemchagua yeye, yeye tu, maisha yangu yote. Angekuja kila Jumamosi kama leo, na hakuna mtu angemuuliza kitu.

"Na mtoto?"

"Atakuwa wa baba yangu."

"Mimi ataniita nani?"

Nilitazama chini. Ng'ombe mmoja alikuwa amekuja kujikuna kwenye kigingi, na tulimsikiliza akijikuna.

"Nyumba aliyoacha baba yangu ni mimi," Kipkoech akasema polepole. "Hakuacha kingine. Mama yangu huko Njoro anaomba mtoto mmoja tu wa kumwita kwa jina la mumewe. Nikimzaa hapa, nitapishana naye njiani, nimsalimie kama mtoto wa watu." Akanigeukia. "Ningeweza kukupenda hata hivyo. Usidhani siwezi. Lakini kila Jumamosi ningeingia nyumba ile nimkute mume wako amesimama, na mimi ndiye niliyemchonga."

Nililia hapo. Hakuninyamazisha, na nilimshukuru kwa hilo. Nilipomaliza nilimwomba pete.

"Niivae mara moja tu. Nione."

Akanivisha. Ilikaa sawasawa kwenye kidole, maana ule unyasi haukuwa umekosea hata kidogo, na jua la alasiri liliipiga tukaitazama wote wawili. Kisha nikataka kuivua, ikakataa. Wiki nzima ya kuosha masufuria ya matanga ilikuwa imenivimbisha vidole. Nilivuta, akavuta yeye, nikaanza kucheka, naye akacheka, na ghafla hakuna aliyekuwa akicheka.

Nikaingia ndani kutafuta mafuta. Mama alikuwa ameketi kando ya moto, akaiona pete kidoleni mwangu. Siagi iliyokuwemo ilikuwa moja tu, kibuyu kidogo kilichowekwa kwa ajili ya Jumapili, cha kuipaka nguzo endapo nitakubali. Mama alikichukua, akakifungua, akaninyooshea, akageuza uso wake ukutani. Nilichota kidogo kwa ncha ya kidole. Nje, Kipkoech alinishika kifundo cha mkono na kuitoa pete taratibu, akaifuta siagi kwa kitambaa chake, akairudisha kwenye pamba na kukifunga kiberiti.

"Utaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Mhindi. Au nitakaa nayo. Sijui."

Hakutaka kuondoka bila kumsalimu mama. Aliinama mlangoni, akaingia, akampa pole ya msiba kwa maneno mazuri. Halafu akaikaribia nguzo. Aliweka kiganja chake juu yake, akaitikisa, akaizunguka akiikagua kwa macho ya fundi. Chini, upande wa jiko, udongo ulikuwa umelegea. Akapashindilia kwa kisigino mara tatu, kwa nguvu.

"Mvua zikija patadidimia hapa, mama," akasema. "Mjaze mawe. Mkijaza mawe haitatikisika."

"Asante, mwanangu," mama akasema, na sauti ikamkatikia katikati ya neno.

Nilimsindikiza mpaka langoni, si zaidi. Alivaa kofia yake.

"Haya, wewe wa jioni."

"Haya, wewe wa alfajiri."

Akashuka kilima. Nilisimama nikimtazama mpaka nikasikia filimbi ya treni kutoka Londiani, na nilipoingia ndani vibuyu vyote kumi na viwili vilikuwa vimerudi ukutani. Mimi na mama hatukuzungumzia jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Jumapili alfajiri wazee walikuja wakiwa wamevaa makoti ya kanisani. Nilijua kwamba mchungaji angenitenga na meza ya Bwana, na kwamba arap Chumo ndiye angesimama nyuma yake akizungusha kikapu. Sikuwa na nguvu ya kulikasirikia hilo. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Baba mdogo Jonah alikuja pia, akakaa karibu na mlango, na alipoona nimeshika nyasi aliitikia kwa kichwa, akakubali neno la kaka yake bila ugomvi.

Niliipaka nguzo siagi. Mahali fulani, usawa wa kifua changu, mti ulikuwa laini kuliko kwingine, na nikakumbuka kwamba hapo alipachonga siku nzima kwa sababu niliketi karibu nikimpigisha soga. Nikazungusha segutiet mara nne, nikafunga fundo lile alilojidai kunifundisha. Mama akatoa pumzi.

Nilifikiri yamekwisha. Lakini arap Chumo aliinua fimbo yake akasema bado baraka, na baraka ya toloch haikamiliki mpaka atajwe aliyeukata mti. Alikuwa hajui. Baba hakumwambia.

"Ni nani aliyeikata nguzo hii?" akauliza. "Bibi harusi ataje jina."

Jonah aliangalia miguu yake. Mama akafumba macho.

"Kipkoech," nikasema. "Kipkoech wa Elburgon."

"Basi huyo Kipkoech abarikiwe," akasema arap Chumo, kwa ile sauti yake nzito ya kuombea. "Mikono yake isichoke. Apate ardhi. Apate mke mwema, ajaze nyumba yake, na watoto wake waitwe kwa jina lake."

Wazee wakaitikia, "Sere." Ndivyo tunavyoitikia baraka. Mama naye akaitikia kwa chinichini. Kisha wote wakanitazama, wakingoja, kwa sababu bibi harusi ndiye huitikia wa mwisho, na sauti yake hutakiwa isikike mpaka zizini.

"Sere," nikasema. Mzee akaweka mkono sikioni, akaniomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu zangu zote, na huko nje ng'ombe wakaanza kulia wakitaka kufunguliwa.